Betri Mbili Nyembamba

Mteja yule nilimpa jina la Betri Mbili, kwa sababu hakuwahi kununua kitu kingine. Kila baada ya wiki moja hivi, saa kumi jioni, alisimama mbele ya kaunta yangu, kofia mkononi, akasema, "Mama, naomba betri mbili, zile nyembamba." Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Siku moja nikamtania kwamba kama anazila aniambie, nimwekee na chumvi. Hakucheka. Alizitia kwenye mfuko wa shati, akashukuru, akatoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Nauza vipuri vya baiskeli. Duka ni chumba kimoja chembamba, matairi yananing'inia darini, minyororo na pedeli zimejaa ukutani, na mlango wa nyuma unafungukia kwenye korido ndefu ya jengo, isiyo na dirisha hata moja. Mtu akitaka taa ya baiskeli simuuzii kwa kuiwasha juu ya kaunta, maana juu ya kaunta kila taa ni kali. Namsimamisha kwenye mlango huo wa nyuma, nazima balbu, naibeba taa hadi mwisho wa korido, hatua arobaini na mbili, halafu napaza sauti: "Unaniona?" Watu wanasema nawachosha wateja. Na wachoke.

Sababu ya ukali huo niliijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Kabla sijafungua duka hili, mume wangu alikuwa mpiga chapa, zamu ya usiku, na kazini alikwenda kwa baiskeli. Taa yake ya nyuma ilikuwa ndogo, unaificha kiganjani. Mpira wake wa kufungia ulikatika, nikamshonea lastiki ya kijani niliyoitoa kwenye sketi yangu kuukuu. Sasa siku ile, saa yetu ya kengele ilikuwa na siku ya nne imesimama. Nilimwomba betri mpaka mdomo ukachoka, na kila siku alirudi mikono mitupu na kisingizio kipya. Mchana, yeye amelala, nikachomoa betri mbili za taa yake nikazitia kwenye saa. Nikasema moyoni, leo nitamkomesha. Nilikusudia kumwambia kabla hajatoka. Nikapita kwa jirani mara moja, maneno yakanoga, niliporudi alikuwa ameshaondoka.

Alfajiri watu wawili walibisha hodi. Karatasi ya polisi iliandika kwamba baiskeli haikuwa na taa. Dereva wa lori aliachiwa, na mimi sikutaka hata kumwona sura. Ndugu wa mume wangu walisema marehemu alikuwa mzembe, Mungu amsamehe. Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka mitatu, nikawaacha wamwite mzembe.

Saa ile ilitembea mwaka mzima na ushee kwa betri zake. Usiku niliisikia kutoka kitandani, tik, tik, nikafunika kichwa kwa mto. Iliposimama ikawa mbaya zaidi. Ikabaki juu ya kabati, imegoma saa tisa na dakika kumi, na sikuthubutu kuifungua. Binti yangu naye hakuwahi kuuliza kwa nini haiwekewi betri nyingine. Nilishukuru kuwa na mtoto asiye mdadisi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumsimulia mtu. Mara nyingine nikiwa mwisho wa korido, taa mkononi, mteja kule mlangoni, nilisikia gurudumu linazunguka polepole nyuma yangu, lile trrr la baiskeli inayosukumwa kwa mkono. Nyuma yangu ni ukuta.

Basi, binti yangu anasomea uuguzi, mwaka wa pili, na wiki ile walimpangia zamu ya usiku. Akataka baiskeli ya baba yake, niliyoitengeneza upya baada ya ajali. Nikakataa. Akaniuliza kama kutembea kwa miguu usiku peke yake ndiyo nafuu, nikasema basi, ila kwa taa nitakayoikubali mimi. Ijumaa akaja dukani kuchagua taa.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Nikamwambia hiyo ataonwa na mbu. Ya pili ilikuwa ya kuchaji kwa waya wa simu, kali kweli. Nikasema itampofusha dereva, na dereva kipofu ana faida gani? Ya tatu nikaivuta mpira wake mara tano, nikasema utakatika.

"Mama," akasema, "wewe hutafuti taa. Unatafuta sababu."

Nilikuwa nafungua mdomo nimpe zake ndipo Betri Mbili akaingia, kofia mkononi.

"Kaka, vumilia kidogo," nikamwambia. "Hebu tuazime macho yako, huyu hanisikilizi."

Alirudi nyuma nusu hatua. Akamtazama binti yangu, akatazama chini, kisha akaja akasimama naye mlangoni. Nikazima balbu, nikaenda hadi mwisho na taa mbili nyingine, moja ya kutulia, moja ya kuwaka na kuzima. Giza la kule unaligusa. Nikawasha hiyo ya pili.

"Mnaniona?"

"Tunakuona!" binti yangu akajibu.

"Niko mbali kiasi gani?"

Binti yangu akakisia hatua ishirini, akabadili akasema hamsini. Halafu sauti ya yule mwanamume ikaja kwenye korido, ya chini, kavu.

"Usichukue hiyo peke yake, mwanangu. Inaonekana, ila haikuambii iko wapi. Ikizima unaipoteza. Ikiwaka unadhani bado iko mbali. Chukua mbili, moja iwake imetulia."

"Kumbe mzee unazijua taa."

"Nilijifunza nimechelewa."

"Mama anaogopa tu," binti yangu akasema, kwa ile haraka anayoitumia ili jambo lipite. "Baba aligongwa usiku. Baiskeli haikuwa na taa."

Taa mkononi mwangu iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima.

"Ilikuwa nayo," yule mwanamume akasema.

Sikumbuki nilivyotembea hatua zile arobaini na mbili. Nakumbuka tu kwamba gurudumu lilizunguka nyuma yangu njia nzima, trrr, na nilipofika kwenye mwanga halikunifuata.

Juu ya kaunta palikuwa na taa ndogo nyekundu, inawaka na kuzima. Lastiki yake ilikuwa ya kijani, na mshono ulikuwa wangu, ule uliopinda kwa sababu nilishona huku nagomba.

"Mimi ndiye dereva," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Niliiona toka mbali, mama. Nikajua ni baiskeli. Nikadhani bado iko mbali. Simu ikaita, ikaanguka chini, nikainama kuitafuta. Niliposhuka kwenye lori yeye alikuwa ameshanyamaza, lakini taa ilikuwa inawaka kwenye majani. Nikaitia mfukoni. Askari walipouliza nikasema hakuwa na taa."

"Na hizi betri ninazokuuzia?"

"Ni zake. Usiku mmoja niliizima. Nikaamka nikamwona amekaa kwenye kiti chumbani kwangu, ananisubiri niiwashe. Tangu hapo haijazimika. Nilikuulizia nikaambiwa una duka. Kila nikija nasema leo nitasema, nikifika kwako mdomo unasema betri."

Nilimchukia. Sisemi uongo, nilitaka kuchukua spana kubwa iliyokuwa karibu na mkono wangu. Miaka miwili na zaidi nimemhudumia, nikamtania, nikamrudishia chenji. Lakini chini ya chuki ile kulikuwa na swali, na swali lilikuwa na nguvu zaidi.

"Ilikuwa inawaka?" nikauliza. "Una hakika? Usiseme ili kunifurahisha."

"Ilikuwa inawaka, mama. Naapa."

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Binti yangu alikuwa amekaa chini, juu ya maboksi ya tyubu, mikono mdomoni.

"Ziliwaka," alikuwa anasema. "Kumbe ziliwaka."

"Nini ziliwaka?"

"Betri zangu." Akalia kama mtoto mdogo. "Baba alipotaka kutoka alikuta taa haina betri. Akanituma kibandani. Mama, nilinunua zile za bei rahisi, zile mbovu, ili chenji ninunue biskuti. Nilikula zote njiani. Waliposema hakuna taa nikajua zimemfia barabarani. Ndiyo maana sikutaka hata kuiona ile saa, nikiitazama naona betri."

Nikapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, zile betri za kwanza nilizitoa mimi. Nilimwibia baba yako akiwa usingizini, nikazitia kwenye saa."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Baba alijua. Alifungua taa, akaitazama saa inatembea, akacheka sana. Akasema, 'Mama yako leo kanikomesha.' Akaniambia nisikuambie kwamba amenunua nyingine, asije akakuharibia raha yako ya ushindi."

Nilimsikia kabisa, mume wangu, akicheka kicheko chake cha puani. Si kwa kuambiwa, nilimsikia. Na hapo ndipo nilipolia, mbele ya yule mwanamume, bila aibu, kilio ambacho hata msibani hakikutoka.

Baadaye nikasimama. Dereva alikuwa palepale, kofia imekunjwa mikononi.

"Sikusamehe," nikamwambia. "Labda siku nyingine, labda kamwe. Leo tunakwenda polisi, utasema ulichosema hapa, neno kwa neno."

"Nilikuja kwa hilo," akasema. "Miaka yote nilikuja kwa hilo."

Tukafunga duka. Kituoni aliandika maelezo yake kwa mkono wake, kurasa tatu, wakamweka ndani. Kuhusu taa, askari wa zamu alikuna kichwa akasema mpelelezi hayupo hadi Jumatatu na kabati la vielelezo limefungwa, nikae nayo niirudishe siku hiyo. Nikampigia shemeji yangu mkubwa palepale nje. Nikamwambia, "Ndugu yako hakuwa mzembe. Waambie wote."

Binti yangu aliondoka kwenda zamu jioni ileile. Nyuma ya baiskeli tulifunga taa mbili, moja ikonyeze, moja itulie. Nilisimama barabarani nikiitazama ile iliyotulia, na kwa kweli nilijua wakati wote alipokuwa, hadi alipokata kona.

Taa ya baba yake tuliiweka dirishani, inawaka. Hatukuambiana kwa nini. Jumapili usiku ikaanza kufifia, nyekundu yake ikawa ya kahawia, ikawa inachelewa kuwaka. Dukani kwangu betri zimejaa sanduku. Binti yangu akanitazama.

"Mama, tumwekee nyingine?"

"Hapana," nikasema. "Mwache alale."