Mkebe wa Spea

Springi iliruka. Verlon Hatcher aliisikia ikigonga jokofu, ikagonga kioo cha dirisha, kisha kimya. Mkewe, Maxine, aliyekuwa akikoroga unga wa mkate wa mahindi, aliacha mwiko hewani akachungulia ndani ya bakuli.

"Ya saa au ya bastola?" aliuliza.

"Ya bastola. Usikoroge."

"Nishakoroga."

Verlon alitambaa chini ya meza na tochi mdomoni, akafagia kila kona, akalaumu mwanga, miwani na sakafu. Jamaa wa kwenye video aliyokuwa akiifuata alikuwa ameonya kwamba kazi hiyo ifanyiwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ili springi isipate pa kukimbilia. Verlon aliona ushauri huo unawahusu watu wenye mikono inayotetemeka. Jioni hiyo aliuma kipande cha mkate, jino likalia, akaitoa springi ulimini, akaifuta kwa leso na kuirudisha kazini. Maxine alimtazama akitafuna.

Jambo lenyewe lilikuwa bata mzinga. Kila Novemba, Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, klabu ya walenga shabaha ya pale Tarrow Creek humshindania bata mzinga mmoja mnene. Na kwa akina Maxine kuna desturi yao: aliyemleta ndege ndiye anayemkata, hata kama nyumba si yake. Ndiyo maana Delbert, kaka yake Maxine, muuza matairi, alikuwa akiingia nyumbani kwa Verlon mwaka hadi mwaka, akikalia kiti cha Verlon, akishika kisu alichokinoa Verlon, na kukata minofu polepole huku akisimulia risasi moja baada ya nyingine. Verlon alipewa paja na kuambiwa ashukuru. Safari hii alikuwa ameapa kwamba kisu hicho kitakuwa mkononi mwake.

Kwamba mkono wenyewe ulikuwa na walakini, hilo halikumpitia akilini. Ulikuwa umeendesha basi la shule kwenye barabara za milimani hadi kustaafu, bila hata mkwaruzo. Basi kosa lilikuwa la bastola. Alianza na triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole, kwa kuwa ya zamani ilikuwa ngumu kama mlango wa ghala. Triga mpya ikadai springi laini. Springi laini ikafanya alama za kulengea zionekane za kishamba. Alama mpya zikataka mtutu mpya, na mtutu mpya ukaona haya kukaa ndani ya chuma cha zamani. Kila kifurushi kilipofika, Verlon alihakikisha bastola haina risasi, akahakikisha tena, kisha akafungua, na kilichotoka akakitupa kwenye mkebe wa kahawa bila kukiangalia. Mwisho wake, katika bastola aliyoinunua dukani ilibaki fremu tu, lile gamba la plastiki lenye namba, ambalo kisheria ndilo bastola.

"Kwa hiyo hii bado ni ileile?" Maxine aliuliza, huku akimenya maapulo upande wa pili wa meza. Video ilikuwa ikinena kati yao, kama kila jioni.

"Ileile. Imeboreshwa."

"Na iliyomo mkebeni?"

"Takataka."

"Naweza kuichukua?"

"Chukua, mama. Pambia mti wa Krismasi."

Jumamosi ilipofika, Delbert alipiga wa kwanza, akapiga vizuri, isipokuwa risasi moja iliyotangatanga hadi ukingoni. Akageuka na kuitazama bastola ya Verlon, yenye mtutu wa rangi ya dhahabu.

"Shemeji, hiyo inatumia betri?"

"Wewe kanoe meno, utakula paja."

Verlon alisimama kwenye mstari, akashusha pumzi, akapiga. Katikati kabisa. Watu waliguna kwa kustaajabu, naye aliisikia ile miguno ikimteremka mgongoni kama maji ya moto. Kwa nukta hiyo moja alijiona amekwisha kukaa kitini, kisu mkononi.

Akavuta tena. Tik.

Akatoa risasi iliyogoma, akaweka nyingine. Tik. Springi ilikuwa laini mno. Haikuwa na nguvu ya kuigonga risasi ikalipuka. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza kwa adabu, na kila tik ilisikika hadi maegeshoni.

"Pengine haikuiva vizuri kwenye mkate," Maxine alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini.

Verlon alirudi benchini masikio yakiwaka. Alitaka ardhi ipasuke immeze yeye na mtutu wake wa dhahabu. Ndipo msimamizi alipoita jina la mwisho orodhani: Maxine Hatcher.

Alikwenda mstarini na bastola ya rangi ya zambarau.

"Umeitoa wapi hiyo?" Verlon aliuliza.

"Mkebeni."

"Mkebeni hamkuwa na fremu."

"Fremu nilinunua dukani, nikajaza karatasi zao zote. Zambarau ndiyo iliyokuwa imebaki, hakuna aliyeitaka."

Alipiga bila haraka, kama anavyoshona vifungo. Verlon aliitambua triga ile ngumu, mtutu ule wa kishamba, springi ile nzito ambayo haikugoma hata mara moja. Hasira zilimpanda kwanza. Kisha aliona matundu kwenye karatasi ya shabaha yalivyobanana, hata kifuniko cha mkebe kingeyaficha yote, akajikuta anacheka, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika.

Delbert aliikagua karatasi muda mrefu. "Dada, nani amekufundisha?"

"Verlon. Kila jioni, pale mezani."

Siku ya sikukuu, bata mzinga alipowekwa mezani akitoa mvuke, Delbert alinyoosha mkono kuchukua kisu. Ilikuwa mazoea tu.

"Kiache, shemeji," Verlon alisema. "Huyo si wako."

Akainuka kwenye kiti chake, akakivuta nyuma, akamkabidhi Maxine kisu kwa upande wa mpini. Maxine aliketi, naye Verlon akachukua kiti kilichomwelekea Delbert. Alimwangalia ndege upande huu, akamwangalia upande ule, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya mkate wa mahindi alionekana hajui la kufanya. Katika nyumba hiyo wanaume walikuwa wamegombea kisu muda wote huo, wala hakuna aliyewahi kumwachia akishike.

"Naanzia wapi?" aliuliza.

Delbert alifungua mdomo. Verlon naye alifungua, na alikuwa na mengi ya kusema, kuhusu maungio, na pembe ya kisu, na video moja nzuri sana. Akamkanyaga shemeji yake chini ya meza, akasogeza sahani yake mbele.

"Popote," alisema.