Boti Haipakii Sangara wa Maneno

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kununua boti, na boti zikanikataa.

Kabla sijafika huko, niseme jambo ambalo ndoto yenyewe haikuwa na adabu ya kulieleza. Mimi ni Bwire, fundi saa, hapa Musoma. Ukutani dukani kwangu kuna picha yangu nimesimama na sangara mkubwa, na pembeni unaonekana mkono wa mtu umeshika mkia. Wateja wakiuliza ni mkono wa nani, huwa nawajibu ni wa mpita njia. Si wa mpita njia. Ni wa shemeji yangu Manyama, kaka wa mke wangu, na mwili wake uliobaki umo mle mle kwenye picha, ila niliukunja nyuma ya fremu. Siku moja alikuja kubadilisha betri ya saa, akaitazama picha ile, akaondoka na saa yake bila betri. Huu ni mwaka wa pili hatujasemeshana.

Basi jana nilikwenda kwa Mgeta, fundi wa boti, nikitaka boti ya kuvulia sangara kwa fimbo siku za Jumamosi. Mgeta akanipa kanuni mbili. Boti huchaguliwa kwa mzigo utakaopakia, si kwa macho. Na usiende kuijaribu peke yako, maana sangara akivuta upande mmoja lazima awepo mtu upande wa pili. Nikamwambia nimesikia. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala, na hapo ndipo kanuni ziliponifuata.

Niko mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki. Ni saa nne asubuhi, jua la kawaida tu. Boti zimeketi kwenye viti vya plastiki kama kamati ya harusi, na mimi nimesimama. Mgeta yupo, ila kichwa chake ni mizani, ile ya mviringo yenye mshale na ndoano chini yake. Sikushangaa. Niliona tu amekonda.

"Mteja anayefuata," anaita.

Niko peke yangu, lakini napanga foleni kwanza, kwa heshima.

Boti ya kwanza ni ya faiba, nyeupe, ina injini mbili, na ubavuni imeandikwa MTASEMA SANA. Imekunja nne. Miguu imeitoa wapi sijui, na si swali la kumuuliza mtu mara ya kwanza mnapokutana.

"Shikamoo," naisalimia, kwa ajili ya zile injini.

"Marahaba. Uzito wako?"

"Kilo sabini na mbili."

"Mzigo?"

"Fimbo, chambo, chupa ya chai."

"Na samaki?"

"Bado sijavua."

Mgeta anakohoa, mshale wake unatetemeka. "Mzee, usituzungushe. Mnunuzi huja na samaki wake wote aliokwisha kuwataja. Waite waingie."

Sikumwita mtu. Lakini nyuma ya ghala la barafu anatokea sangara, anatembea kwa mkia, mwendo wa mtu anayekwenda benki. Ni yule yule wa kwenye picha, ila amenenepa.

"Mimi ni wa kwa kinyozi," anajitambulisha. "Kilo thelathini na moja. Ulinitaja mwezi wa pili ukinyolewa ndevu."

Anafuata wa kikao cha harusi, kilo arobaini na nne, ametoa mchango wake mkononi. Nyuma yake anakuja wa msibani, kilo sitini, amejifunga kanga kiunoni na macho bado mekundu. Wa mwisho ni mwembamba, ana kilo ishirini na mbili tu. Huyo nilimtaja kwa paroko, na paroko namwogopa.

Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani. Wote ni samaki mmoja, lakini wanatazamana kwa dharau, kila mmoja akijiona ndiye wa kweli.

Mgeta anawatundika kidevuni mmoja mmoja. Mshale unazunguka, unafika mwisho, unaanza upya. "Kwa mzigo huu," anasema, "huhitaji boti. Unahitaji meli."

Meli inaitwa. Inakuja kwa nchi kavu, inapinda kona ya soko bila kugonga meza ya mtu, inasimama mbele yangu na kunitazama kutoka juu.

"Hawa wote ni wa mtu mmoja?"

"Ndiyo," najibu.

"Nimepakia ng'ombe, nimepakia saruji, nimepakia waheshimiwa na ahadi zao," inasema. "Hawa siwapakii."

Inageuza, inaondoka. Nakiri niliumia. Kukataliwa na boti kunavumilika, lakini kukataliwa na meli mbele ya samaki wako mwenyewe ni aibu ya kukaa nayo muda mrefu. Mtasema Sana nayo inainuka, inajipangusa, inasema ina kikao.

Kwenye kiti cha mwisho imebaki boti moja ndogo ya mbao, ya kijani, rangi bado mbichi, ina mabao mawili ya kukalia. Imeandikwa TULIZA BOLI. Nikaipenda hapo hapo. Nilikuwa sijawahi kutamani kitu namna ile tangu nilipoposa.

"Mimi nitakuchukua," inaniambia. "Ila tukajaribu majini kwanza. Nimeshadanganywa."

Mara tuko majini. Maji yenyewe yamo dukani kwangu, yamefika usawa wa saa za ukutani, na saa zote zinaelea zikisema nyakati tofauti. Nimeketi kwenye ubao. Sangara nao wamepanda wote wanne, upande wangu, kwa sababu ni wangu. Wa msibani anaomba asogezewe nafasi. Tuliza Boli inalala ubavu na maji yanaanza kuingia.

"Upande wa pili yuko nani?" inauliza.

"Hakuna mtu."

"Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Wewe usukani unao. Mtu ndiye huna."

Nageuka nikitafuta msaada, na usoni pangu iko ile picha. Mkono unatoka kwenye fremu, kwanza vidole, kisha kiwiko, mpaka begani. Hapo unaishia. Unajikung'uta vumbi, unaketi kwenye ubao wa mbele yangu.

"Habari za siku nyingi, shemeji," mkono unasema.

"Nzuri tu. Karibu."

"Nilishakaribia, ukanikunja. Wamesema samaki mkunje angali mbichi. Shemeji hawakumtaja."

Maji yamefika kwenye magoti yangu, na Tuliza Boli inaanza kutoa mapovu. Hata hivyo inazungumza kwa upole kabisa, kama muuguzi anayeuliza umri.

"Nani alimvuta yule sangara?"

Wa paroko anatazama dari.

"Tulimvuta wote wawili," nasema.

Boti inashuka kidole kimoja.

"Mimi nilimvuta, yeye akashika mkia."

Inashuka vidole vinne. Rangi ya kijani imebaki ukanda mwembamba tu juu ya maji, na moyo wangu unaniuma, kwa sababu najua boti nyingine kama hii sitaipata, na nyingine zote zimekwisha kunikataa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebakiza kidole kimoja.

"Aliyemvuta ni Manyama," nasema. "Sangara aliporuka, mimi niliitupa fimbo. Niliogopa. Manyama akaidaka, na mimi nikakaa upande wa pili nimeshika ubao kwa mikono miwili, macho nimeyafumba. Nilifumbua tulipofika ufukweni, kwa ajili ya picha."

Wa msibani akawa wa kwanza kupungua. Alipungua mpaka kanga ikabaki peke yake juu ya ubao. Wa harusi akafuata, na mchango wake akaondoka nao. Wa kinyozi, wa paroko, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki sangara mmoja wa kawaida, mwenye uso wa mtu aliyechoka kusubiri.

"Kilo kumi na nane," anasema. "Tusibishane."

Anajitupa majini na kwenda zake. Tuliza Boli inapanda juu, inakohoa maji, inakaa sawa.

"Na mimi ningezama siku ile," mkono unasema, "kama usingekaa upande wa pili. Wote wawili tungezama. Mbona hilo hukulitangaza? Lilikuwa la kweli."

Wimbi likapita kati ya kabati na mlango. Mkono ukashika ukingo wa boti upande wake, nami nikashika upande wangu, na boti ikatulia.

"Baba Masatu!" Mke wangu ananitikisa bega. "Amka, simu yako inaita. Ni kaka."

Kulikuwa kumekucha. Mama Masatu aliniangalia, akaiangalia simu, akaiangalia tena kama mtu aliyeona jina la marehemu. Nikapokea kwa mkono wa kulia.

"Shemeji, umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya Manyama. "Samahani kwa usumbufu."

"Bila samahani."

"Nimeamka kiganja changu kina rangi ya kijani. Rangi ya mafuta, haitoki kwa sabuni. Nimejiuliza nimpigie nani, nikaona nikupigie wewe. Hata sijui kwa nini."

Nikautoa mkono wangu wa kushoto chini ya shuka. Ulikuwa wa kijani kuanzia kidole gumba mpaka kifundo, na katikati ya kiganja mistari ya ubao imejichora.

"Shemeji," nikasema, "yule sangara ulimvuta wewe."

Kule kwake nikasikia bomba la maji likifungwa.

"Najua," akasema.

"Alikuwa na kilo kumi na nane."

"Kumi na saba na nusu."

Nikakubali. Nikamwambia kwamba leo narudi kwa Mgeta kujaribu boti, ndogo, ya kijani, ya watu wawili, na kwamba Mgeta amenikataza nisiende peke yangu. Mama Masatu alikuwa ameketi kitandani, ameuziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Kule kwa Manyama bomba likafunguliwa tena, likafungwa.

"Nitakuja," akasema. "Ila safari hii fimbo utashika wewe. Mimi nitakaa upande wa pili, macho nimefumba."