Kisanduku cha Sijui

Shangazi alipofika kwa kaka yake saa kumi alasiri, alikuta ubishi umeshapamba moto. Kaka, fundi wa majokofu, alikuwa amesimama katikati ya sebule na gazeti mkononi, bisibisi bado imechomoza mfukoni. Binti yake wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda, alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, simu mapajani, kanuna kwelikweli.

"Afadhali umekuja, msomi wetu," kaka akasema huku akimmiminia chai. "Huyu kapata vyuo viwili vya kusomea biashara. Mwisho wa kuthibitisha ni leo saa kumi na moja. Hiki, gazeti linasema, ni cha tatu kwa ubora nchini. Hicho anachokililia ni cha arobaini na moja."

"Nilitembelea vyote, shangazi," Kitinda akasema. "Cha tatu walinionyesha lifti. Cha arobaini na moja mwalimu alikaa nami saa nzima, akanipeleka kwenye duka linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe. Ndiko roho yangu iliko."

"Roho yako haijapima vyuo. Gazeti limepima. Namba haina undugu na mtu."

Chai ikampalia shangazi.

Kwa miaka kumi na mmoja sasa amekuwa katibu wa mkuu wa kitivo cha biashara, katika chuo kingine kabisa. Kila mwaka gazeti hilohilo lilimletea mkuu fomu ya kuvipa vyuo sitini alama, kuanzia moja hadi tano. Karibu nusu ya hesabu yote ya ubora ilitokana na fomu hizo. Mkuu, mtu mwema lakini mvivu wa kutupwa, huandika juu yake "jaza kama kawaida," kisha husaini bila kutazama. Shangazi alijaza kwa dhamiri safi, ila ilikuwa dhamiri ya katibu. Chuo kilichomletea kalenda yenye nafasi ya kuandika kila siku kilipata tano. Hicho cha arobaini na moja, katibu wake aliwahi kumkatia simu. Tangu hapo kilikula moja, mwaka baada ya mwaka.

Fomu moja haiwezi kuangusha chuo, alijifariji. Halafu akakumbuka semina ya makatibu wa wakuu, ambao nao huwajazia mabosi wao fomu hizo, walivyokaa meza moja, na jinsi alivyosimulia kisa cha ile simu mpaka wenzake wote wakaapa kumlipizia.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na robo. Angeweza kunyamaza, akabaki msomi wa ukoo na kazi yake salama. Lakini Kitinda alikuwa ameanza kufuta machozi kwa kiganja, na aibu ikamshika shangazi.

"Kaka, kaa chini," akasema, akayamwaga yote, kalenda, simu na semina.

Kaka aliligeuza gazeti, akalitazama kama jokofu lililokataa kugandisha.

"Kwa hiyo muda wote huu niliyekuwa namsikiliza ni wewe?"

"Ndiyo. Na nikikwambia kwa mdomo hunisikilizi. Mpaka nichapwe gazetini."

Kitinda akacheka huku kamasi zikimtoka. Kaka alijizuia, akashindwa, bega likaanza kumtikisika.

"Na duka lenyewe," akamuuliza binti yake mwishowe, "lina jokofu?"

"Lina moja. Bovu."

"Thibitisha. Nitakuja kulitazama."

Jumatatu fomu mpya ilikuwa mezani kwa shangazi, "jaza kama kawaida" ikiwa juu yake. Alishika kalamu, akamtafuta adui yake wa zamani, mkono ukaanza kwenda kwenye moja kwa mazoea. Akausimamisha. Pembeni kabisa mwa kila mstari kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa "Sijui." Miaka kumi na mmoja hakuwahi kukigusa. Alikitia alama mara sitini, akampelekea mkuu.

Mkuu alisaini huku akitafuta miwani yake.

"Leo umewahi kumaliza."

"Ndiyo, mkuu," shangazi akajibu. "Leo nimeandika tunachokijua."