Njia ya Kwendea Chumba cha Mchele

Ijumaa asubuhi, mvua ya Bandung ikinyesha bila haraka na bila dalili ya kuacha, Imas alijenga nyumba ya mama yake ndani ya kompyuta, kisha akaibomoa. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ofisi yao ilitengeneza programu ya kuwawezesha watu wengi kufanyia kazi mafaili yaleyale, kila mtu na nakala yake kamili, halafu nakala hizo zikakutanishwa ziwe kitu kimoja. Kwenye kukutanisha ndiko kwenye ugomvi, kama harusini. Imas alilipwa kuutafuta ugomvi huo kabla haujawafikia wateja.

Wenzake waliyapa mafaili ya majaribio majina ya herufi tupu. Yeye alitumia nyumba ya kwao, maana njia zake hazimpotezi: mlango, korido, vyumba huku na huku, na mwisho wa korido chumba cha mchele. Akatengeneza nakala mbili, moja akaiita ya kaka yake, nyingine ya mama yake. Katika nakala ya kaka, nyumba nzima ilifutwa. Katika nakala ya mama, mtungi mpya uliwekwa katika chumba cha mchele. Akazikutanisha.

Mashine ilipaswa kusimama na kuuliza: mmoja anafuta, mwingine anaongeza, nimsikilize nani? Haikuuliza. Ilisema imemaliza na hakuna tatizo. Vyumba vilikuwa vimetoweka vyote, ukabaki mtungi na njia ya kuufikia: mlango, korido, chumba cha mchele. Imas akaandika kwamba jaribio limeshindwa, akamalizia chai yake iliyopoa.

Jioni alipofika nyumbani alikuta hivyohivyo.

Kaka yake, Dudung, alikuwa ameleta mafundi kubomoa nyumba, ajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi. Sebule, vyumba vya kulala na jiko vilikuwa kifusi. Ila mlango wa mbele ulisimama peke yake, nyuma yake korido isiyo na kuta, vigae vyake vikavu katikati ya mvua, na huko mwisho chumba cha mchele. Kwao mwanamume haingii chumba cha mchele. Dudung hakuwahi kukiona tangu azaliwe, na mafundi nao walikuwa wanaume. Walibomoa kila walichokijua.

Imas akakatiza kwenye kifusi. Alipofika pale kilipo chumba, hapakuwa na kitu, matope tu.

"Pitia mlangoni!" ilisema sauti ya mama yake, Mama Onah. "Mimi nilikufunza adabu wewe, au nilimfunza mtoto wa jirani?"

Imas akarudi, akavua viatu, akafungua mlango, akaifuata korido. Mama yake alikuwa amekaa mbele ya mtungi, magoti yakigusa kidevu, anachambua mchele.

"Umekula?"

"Bado, Mama. Kaka yuko wapi?"

"Si yule pale anapima kiwanja? Nimemwita mpaka koo limekauka. Hanisikii."

Imas akatoa kichwa. "Kaka! Mama yuko humu."

"Humu wapi?"

"Chumba cha mchele."

Dudung akaitazama mvua. "Chumba gani tena, mdogo wangu? Mama nimempangia akakae kwa Bi Kokom."

"Ulimwuliza?"

"Ningemwuliza angelia. Unajua mimi sipendi kumwona Mama akilia."

Jumatatu Imas alimpelekea bosi wake, Gumilar, lile jaribio. Aliomba kitu kimoja: programu irekebishwe, isimame na kuuliza. Aliamini, bila kumwambia mtu, kwamba ikijifunza kuuliza huko ofisini, Dudung naye atauliza huku nyumbani, na mama yao atapata pa kunyoosha miguu.

"Watakaopatwa na kosa hili ni wengi?" aliuliza Gumilar.

"Wachache."

"Unamjua hata mmoja?"

"Mama yangu."

"Oo, pole. Ananyeshewa?"

"Hapana, pakavu. Ila hana pa kulala."

"Basi si dharura."

Toleo jipya lilikuwa linakaribia kutoka, na kwa sababu ya jaribio la Imas taa ya ukutani, ambayo huwa ya kijani majaribio yote yakifaulu, ilikuwa nyekundu. Wenye kazi hiyo wana desturi yao. Jaribio likishindwa kila siku, na mwenye nafasi ya kurekebisha kosa hayupo, huandikwa juu yake: kushindwa kwake kunatarajiwa. Tangu hapo kila likishindwa huhesabiwa limefaulu. Gumilar aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake. Taa ikawa ya kijani. Ikaletwa tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, ya kukaanga kwa pilipili, ofisi nzima ikala. Imas naye alikula. Ilikuwa tamu, na yeye alikuwa na njaa.

"Wamesemaje kazini kwenu?" mama yake alimwuliza.

"Wamesema wanajua."

"Ahaa. Nisogezee ungo."

Vyumba vya kupangisha vikapanda. Korido ilipita katikati yake, ikakata kitanda kimoja na kabati mbili. Wapangaji walikuwa wasichana, kwa hiyo walimwona Mama Onah vizuri, wakazoea kukunja miguu akipita na sufuria. Wenye malezi walimwamkia.

Siku ya Idi Dudung alikuja na kofia mpya kumpigia mama yake magoti na kumwomba radhi, kama watoto wote siku hiyo. Kwa Bi Kokom alikuwa ameshamtafuta akamkosa. Imas akamwongoza mpaka mwisho wa korido.

"Hapa. Piga magoti."

"Mbele ya ukuta?"

"Piga."

Akapiga. Mama Onah akanyoosha mkono ubusiwe. Ukamgusa pua, Dudung akaupunga kama nzi.

"Nisamehe, Mama, yote niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua."

Mama Onah akafikiri kidogo. "Mwambie nimemsamehe anayoyajua."

Imas akamwambia.

"Alhamdulillahi," alisema Dudung, akashusha pumzi. "Nami nilidhani ana kinyongo." Akajipangusa magoti, akaenda kutazama bomba linalovuja.

Mama Onah akakunja tena mguu wa kwanza, halafu wa pili. "Ukitoka funga mlango," alimwambia Imas. "Upepo unaingia."

Imas akaifuata korido, akavaa viatu, akafunga. Baada ya sikukuu alirudi kazini. Jaribio lilishindwa, na taa ilikuwa ya kijani.