Thelathini na Tisa Nukta Moja

Siku aliyokufa mume wangu, nilivunja rekodi yake ya mafuta. Sijui niliseme vipi hilo likae vizuri, kwa hiyo nalisema lilivyo. Nilizima gari mbele ya mlango wa hospitali, wauguzi wakaja mbio na kitanda cha magurudumu, na pale kwenye dashibodi yakatokea maandishi ya kijani: Rekodi mpya. Kilomita 39.1 kwa lita. Umeendesha vizuri.

Umeendesha vizuri! Ningekuwa na nyundo ningekipasua kile kioo.

Rekodi ya Kiyoharu ilikuwa 38.6, kwenye njia ileile, kutoka kwetu mlimani hadi mjini. Mtu yule alikuwa na wazimu. Tangu tununue hili gari la haibridi, la betri na petroli kwa zamu, hakuwa na mazungumzo mengine. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya wauzaji aliidharau. "Hiyo ya maabara, mama," alikuwa akiniambia. "Huko maabara hakuna kilima, hakuna theluji, hakuna wewe." Aliendesha na soksi tupu ili auhisi mguu wake. Hita hakuiwasha hata mwezi wa kwanza, theluji ikianguka, maana hita huilazimisha injini iwake, na injini ikiwaka namba inashuka. Mimi nilikaa kushoto kwake na blanketi magotini, meno yakigongana. Nikishika usukani mimi, basi nimekwisha. "Mguu wako mzito kuliko jiwe la kukandamizia achari!" Nilimpenda mume wangu, lakini kwa hilo nilimchukia, nasema kweli.

Mwezi wa tano, wiki ya kupanda mpunga, alirudi kutoka shambani saa tatu asubuhi, uso wa kijivu, mkono kifuani. Gari la wagonjwa hutoka mjini. Lipande hadi kwetu, kisha lishuke tena. "Nipeleke wewe," akasema. Nikampeleka. Kilomita kumi na moja, karibu zote mteremko, dakika ishirini na moja. Daktari alitoka baada ya muda akainama mbele yangu, akasema amefika akiwa amechelewa kidogo.

Kidogo. Neno hilo likaniingia kama mwiba wa samaki kooni. Kidogo ni ngapi? Ningeenda kasi, angepona? Watu wote niliwaambia kwamba Kiyoharu mwenyewe alinisihi niende taratibu, kila tuta linampiga kifua. Nilimwambia daktari, nikamwambia mtawa wa hekaluni, nikamwambia wifi yangu Mutsuko, dada yake mkubwa. Majirani waliniitikia kwa huruma. Mutsuko alinitazama tu.

Siku ya nne baada ya kuuchoma mwili wake, kama ilivyo desturi yetu, niliwasha gari niende dukani. Gari hili huanza kwa betri, kimya, hata mlio wa kokoto chini ya tairi unausikia. Na katika kimya kile nikamsikia Kiyoharu akipumua kushoto kwangu. Anavuta kwa kifupi, anatoa kwa kirefu, na mwishoni kifilimbi chembamba, vilevile alivyopumua asubuhi ile. Jamani, nywele zilinisimama. Nikageuka, kiti kitupu. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu, injini ikawaka, pumzi ikakatika.

Basi tangu hapo sikuiruhusu injini izime. Niliwasha hita hadi mwisho, kiangazi chote, na mguu wangu haukutoka kwenye mafuta. Gari likabugia petroli. Fundi wa gereji alilikagua mara mbili, akakuna kichwa, akasema gari ni zima kabisa, bibi, sijui unalifanyia nini.

Mwezi wa kumi Mutsuko aliniomba lifti kwenda kutazamwa goti lake hospitalini. Ana miaka sabini na mmoja na ulimi ambao haujazeeka hata siku moja. Aliingia, akafunga mkanda, akaanza kujipepea.

"We wifi, unanipika au unanipeleka hospitali?"

"Nina baridi."

"Baridi gani, na jasho linakutiririka mpaka kidevuni?" Akainama kwenye dashibodi, akavaa miwani. "Kumi na tatu nukta mbili! Trekta la marehemu baba lilikuwa na adabu kuliko hili. Kiyoharu angeona hii angekufa mara ya pili."

Alisema hivyo kisha akajishika mdomo. Kabla sijajibu, akanyoosha mkono akazima hita.

"Usizime!"

"Nimeshazima. Toa mguu. Huu ni mteremko, acha gari liteleze lenyewe."

Nikatoa mguu. Injini ikanyamaza. Mashamba yaliyovunwa yalikuwa yanapita pembeni, na makaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, yamening'inizwa kwenye nyumba za watu kukaushwa. Kisha ikaja, kutoka kiti kilekile alichokalia Mutsuko, juu ya pumzi zake yeye. Inavuta, inatoa, kifilimbi. Nikasimamisha gari kando ya barabara.

"Una nini wewe?"

"Namsikia," nikasema. "Injini ikizima, namsikia anapumua hapo ulipokaa."

Mutsuko hakucheka. Alikitazama kiti chini yake, akanitazama mimi. "Anataka nini?"

Hapo nikashindwa kuubeba tena ule uongo. "Hakuniambia niende taratibu," nikasema. "Hakusema chochote, wifi. Hakuweza kusema. Tulipofika kwenye kona ya kituo cha basi niliitazama namba, ikawa inakaribia thelathini na nane. Nikajua leo nampita. Miaka yote ananicheka, leo nampita, akipona nitamwonyesha. Nikatoa mguu kwenye mafuta. Nilidhani amelala. Mungu wangu, nilikuwa nafurahi."

Lori la mbao likatupita, gari letu likatikisika.

"Dakika ngapi ulizipoteza?" akauliza.

"Sijui. Ndilo linaloniua, sijui."

"Basi leo utajua. Geuza. Turudi kwako, tuanze mlangoni."

Tukarudi. Mlangoni alitoa saa yake ya mkononi akaishika kiganjani, akasema, "Twende." Niliendesha siku ile kama sijawahi kuendesha. Injini ilipiga kelele mteremko wote, kwenye kona tairi zililia, mzee mmoja wa baiskeli alinionyesha ngumi. Mutsuko ameshika kishikio cha juu, macho kwenye saa. Kwenye taa za darajani palikuwa na nyekundu, nikaipita. Nikafunga breki mbele ya hospitali.

"Kumi na saba," akasema.

Nne, basi. Dakika nne.

Alishuka bila kunitazama, akachechemea hadi ndani na goti lake. Nilikaa pale saa mbili nzima. Nilijua harudi. Nilijua atapanda basi, na kuanzia leo sina wifi, na ni haki yake. Nililia mpaka kichwa kikaniuma.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mutsuko aliingia, akaketi katikati ya kiti cha nyuma, macho mekundu.

"Njoo mbele," nikamwambia.

"Hapo ni pake. Endesha. Kwa betri. Nataka kumsikia na mimi."

Kutoka hospitalini barabara hufuata mto, tambarare, kama kilomita tatu kabla ya kilima. Niliondoka polepole, mguu unagusa tu. Kimya. Na yeye akaja, kushoto kwangu, akivuta na kutoa. Kwenye kioo nilimwona Mutsuko ameinama mbele, sikio kwenye kiti kitupu.

"Yupo?"

"Yupo."

"Sisikii kitu." Akangoja. "Sisikii kitu, Sumie!" Akakipiga kiti kwa kiganja. "Mimi nilimbeba mgongoni huyu! Mimi nilimfundisha kutembea! Kwa nini anakuja kwako wewe, uliyemchelewesha kwa ajili ya namba?"

Analia kwa sauti, mwanamke ambaye hata mazishini hakutoa chozi. Nikafanya nilichoweza.

"Sasa anavuta," nikamwambia. "Kwa kifupi. Sasa anatoa. Anatoa bado. Kuna kifilimbi mwishoni."

"Kifilimbi cha pua," akasema. "Alikuwa nacho tangu mdogo."

"Anavuta tena. Anatoa."

Akafumba macho, mkono wake begani mwa kile kiti, akawa anapumua naye, mimi nikimhesabia. Tukapita daraja la pili. Tukapita ghala la mchele. Mbele kilima kikaanza, na hakuna betri inayokipanda kile kilima, Kiyoharu mwenyewe alijaribu miaka sita akashindwa. Nikalegeza mguu, gari likapunguza mwendo, nikalegeza tena. Injini ikawaka yenyewe. Pumzi ikakatika.

"Na sasa?" akauliza Mutsuko, macho bado yamefumbwa.

"Anavuta," nikasema.