Siku Waliyovua Vizibao

"Profesa! Leo kizibao umekifua au umekiuza?" Ndevu alimtania kutoka ng'ambo ya barabara, sponji mkononi, povu likimchuruzika hadi kiwikoni.

Vijana wenzake wanaoosha pikipiki wakacheka. Msichana aliyetaniwa, aliyeketi kwenye benchi la stendi, naye akacheka, ila kicheko hakikufika moyoni. Kizibao cha chuo kilikuwa mkobani, kimekunjwa. Tangu yeye na wanafunzi wenzake waanze kukaa pale na vizibao vyao, wakiandika jinsi polisi wanavyokamata vijana, gari la polisi lilikuwa likipita polepole, linawatazama, linakwenda zake. Hakukamatwa hata mmoja. Mtu mwenye akili timamu angeshangilia. Mhadhiri wao alikasirika.

"Mnachunguza ukamataji, na hakuna anayekamatwa!" aliwaambia jana. "Mnawatisha askari. Vueni hivyo vizibao, mkae kama abiria. Na atakayeingilia kati, kazi yake siipokei. Atarudia mwaka."

Kurudia mwaka! Mama yake alishauza cherehani ili binti amalize mwaka huu huu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Msichana aliitikia kwa kichwa kama wenzake.

Sasa lile gari la polisi likatokea upande wa gereji. Akanyanyuka nusu, akaikumbuka ile cherehani, akakaa. Ndevu naye aliliona. Akalitazama gari, akamtazama yeye, kisha akainama kuendelea kusugua tairi. Wenzake nao wakaendelea na kazi.

Askari waliruka chini kabla gari halijasimama.

"Wazururaji nyie! Pandeni!"

Mzururaji gani huyo mwenye ndoo na sabuni? Ndevu alivutwa ukosi, pikipiki ya mteja ikaanguka kwa kishindo. Mara gari likaondoka, pakabaki maji machafu na ndoo zilizopinduka. Msichana alikuwa ameyaandika yote, tena kwa mwandiko mzuri. Aliona aibu.

Akawafuata kituoni kwa miguu. Aliwakuta wameketishwa sakafuni karibu na kaunta, pekupeku, nguo bado zimelowa.

"Ndevu, mbona hamkukimbia? Si mliliona gari?"

Ndevu alimkodolea macho. "Tukimbie nini, Profesa? Si ulikuwepo?"

Simu ikatetemeka mkononi, ujumbe wa mhadhiri: "Nasikia mmepata. Safi sana! Ondoka hapo, usiongee na mtu."

"We binti," askari wa zamu alifoka, "hapa si sokoni. Wewe ni nani wao?"

Jibu alikuwa nalo. Mtafiti. Kitambulisho kilikuwa mfukoni, na mlango ulikuwa wazi nyuma yake.

"Dada yao."

"Dada yao! Wote hawa?"

"Wote."

Askari alicheka, akawageukia wenzake wacheke pia. Kisha akaacha kucheka.

"Basi weka simu hapa mezani. Vua viatu, ukakae na ndugu zako."

Msichana akaiweka simu, akainama, akaanza kufungua kamba.