Treni ya Kamba

Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wa Papa Mbuyi ulikuwa mkubwa kuliko kichwa chenyewe. Tangu afungue kibanda chake cha kutengeneza redio mtaani Lumumba, hakuna mteja aliyeondoka bila kusimuliwa jinsi Mbuyi alivyokuwa kondakta wa treni kule Katanga. Kofia ya kazi alikuwa nayo bado, na filimbi pia. Basi wakubwa wapya walipouteka mji wa Bunia na kuwafukuza wakubwa wa jana, waliunda serikali yenye mawaziri na mihuri, na waziri mmoja akataka treni za abiria. Mkoa mzima wa Ituri haukuwa na reli hata ya urefu wa kijiko, lakini kondakta alikuwepo. Wakamwita.

Siku zile kuitwa na wakubwa hakukuwa jambo la heri. Mbuyi aliingia ofisini, akamkuta waziri ameinamia ramani.

"Papa, utatupangia njia ya treni," alisema waziri. "Iko Mongbwalu, iko Mahagi, iko Aru. Tuanze na gani?"

"Aru, mukubwa," Mbuyi alijibu kabla waziri hajafunga kinywa.

Reli haikuwa akilini mwake hata kidogo. Mkewe, Hélène, alikwenda Aru kuuza vitenge, vita vikafunga barabara nyuma yake, na tangu hapo hakurudi. Mbuyi alimpenda sana yule mama, na nyumba ilikuwa imempoa. Lakini barabarani vizuizi vya wanajeshi vilifuatana, na msafiri asiye na sababu nzuri hakufika mbali. Sasa alipewa sababu iliyopigwa muhuri, pamoja na kamba ndefu ya kupimia na mzigo wa vijiti.

"Twende wote, mama," alimsihi mama yake Hélène, bibi Kahindo, waliyekuwa wakiishi naye.

Bibi aliitazama kamba, akaitazama kofia. "Ile ni kamba, mukwe. Weye enda. Miye nitangojea treni ya chuma, nikae kwa kiti."

Mbuyi akamwacha kwa majirani, roho ikimuuma. Hajafika hata mwisho wa mtaa, Scholastique muuza chumvi alimtokea na mzigo kichwani.

"Papa Mbuyi, treni gani inaenda bila batu? Miye naingia."

Kabla ya kutoka mjini, nyuma ya kamba walikuwa wamejipanga akina mama na mabeseni, vijana wanaosukuma baiskeli, na mzee mmoja mwenye mbuzi ambao Mbuyi aliwanyima daraja la kwanza.

Kizuizi cha kwanza kikawasimamisha.

"Gare itajengwa wapi?" mwanajeshi aliuliza.

"Kule mbele, karibu na muto."

"Na hapa?"

"Hapa treni inapita tu, chef."

"Inapita tu?" Yule bwana alichukia kwelikweli. "Hapa hata mbuzi inasimama! Hata padiri anasimama!"

Mbuyi akachomeka kijiti palepale, akaahidi stesheni yenye saa ukutani. Wakapita wote. Tangu hapo hakungoja kuulizwa. Akiona bunduki, anachomeka kijiti. Treni ile ingesimama kila hatua kama mama anayesalimia majirani akienda sokoni.

Ng'ambo ya mto walikaa maadui wa waziri. Mbuyi aliificha karatasi ya muhuri ndani ya soksi. Kamanda wao akaishika kamba.

"Hii treni ni ya nani?"

Mbuyi akaiweka kofia sawa. "Ya abiria, chef."

Kamanda akawaza; habari ya stesheni na saa yake ilikuwa imeshavuka mto. "Bale basoda ba kizuizi ya nyuma, ulibapatia gare?"

"Ndiyo, chef."

"Na saa ya ukutani?"

"Ndiyo."

"Basi ya kwetu iwe na saa mbili."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mbuyi akachomeka vijiti viwili, akapiga filimbi, na abiria wakapita.

Huko Aru, Hélène alikuwa sokoni. Alipoiona kofia ile ikitangulia msururu wa watu na mbuzi, alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia. Mbuyi naye akalia mbele ya abiria wake bila aibu.

"Nimefika, mama. Sirudi tena kule. Hapa hakuna masasi, hakuna bunduki."

"Na mama yangu?"

Mbuyi akatazama viatu vyake. "Alikataa. Alisema atangojea treni ya chuma."

Hélène akaanza kukunja vitenge vyake.

Asubuhi Mbuyi aliamshwa na kelele. Uani walijaa watu na mizigo yao, wale ambao vita viliwakamatia Aru, wengine wameacha watoto Bunia, wengine wazazi. Walikuwa wameshapanga mstari.

"Batu yangu, hakuna treni!" Mbuyi alipaza sauti. "Ni kamba tu! Nilidanganya basoda!"

Hakuna aliyeondoka. Mbuyi aliogopa, aliogopa kweli. Vijiti vyote vile vilikuwa vikimngoja njiani, na katika saa alizoahidi hakuwa nayo hata moja.

Mbele kabisa ya mstari alisimama Hélène, beseni kichwani, kitenge amekikaza kiunoni. Akamnyooshea filimbi.

"Piga," alisema. "Mama iko anangojea treni."